Muchawi wa Jumapili

Sitaanza na alipozaliwa wala na baba yake. Yeye mwenyewe, ukimwuliza, alijibu kwamba alizaliwa siku aliyompulizia mtu poda machoni mbele ya kamera, na kwamba yaliyotangulia hayana mteja. Basi nitaanza pale ambapo sisi watu wa Ruashi tulimjua: Jumapili, saa kumi alasiri, kwenye televisheni, akiingia ulingoni na kibuyu mkononi na joho jeusi mgongoni, huku ukumbi mzima ukimzomea. Jina lake la ubatizo analijua mkewe na ofisi ya parokia. Sisi tulimwita Muchawi. Hata padri alijisahau siku moja, akamwambia, "Mwili wa Kristo, Muchawi," naye akajibu "Amina" bila kukunja uso.

Mieleka hiyo kwetu Lubumbashi tunaiita kechi. Kila juma kituo kimoja cha televisheni cha mjini kilionyesha mapambano mawili matatu, lakini sote tulisubiri moja tu, la Muchawi na Shujaa. Shujaa alivaa nyeupe, aliingia akiwa amebeba mtoto mchanga wa mtazamaji yeyote, na alisali kabla ya kengele. Muchawi aliingia akizungusha kibuyu na kumrushia mwamuzi maneno ambayo yalimfanya bibi yangu atuzibe masikio, kisha ayasikilize yeye peke yake. Uadui wao ulidumu kuliko ndoa nyingi za mtaa wetu. Ulianza na mkanda wa ubingwa ulioibwa, ukaendelea na jeneza lililoletwa ulingoni, na ukafika mahali ambapo Muchawi alimgeuza Shujaa kuwa mbuzi kwa muda wote wa matangazo ya biashara.

Siku sita zilizobaki alikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha mtaani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sijawahi kukutana na mkono mwepesi kama wake. Alikuuliza habari za shangazi yako, na wewe ukiwa bado unatafuta jibu, sindano ilikuwa imeshaingia na kutoka. Shida ilikuwa watoto. Mtoto aliyemwona Jumapili akimloga mtu, Jumatatu hakumkubalia hata amguse paji la uso. Baadhi ya mama waliwapeleka watoto wao mbali kwa ajili hiyo, na wengine, nasema kweli, walitoka mbali kumfuata yeye, wakiamini kwamba dawa ya mchawi ina kitu cha ziada ndani yake. Aliwadunga wote sawasawa.

Mimi nilikuwa wa kundi la wenye hasira. Nikiwa na miaka minane nilimtupia ganda la chungwa alipopita na blauzi yake nyeupe ya kazini, kwa sababu jana yake alimpiga Shujaa na kiti kwa nyuma. Akasimama, akaliokota, akaniletea mpaka mlangoni.

"Mutoto, hii unatupa siku ya mungu, kule ku salle," akaniambia, yaani Jumapili ukumbini. "Huku niko ku kazi. Na utupe na nguvu. Mukono yako iko laini sana."

Baadaye nilimjua kwa njia nyingine. Mama yangu alikuwa fundi wa kushona, na lile joho jeusi lilitoka kwenye cherehani yetu. Mama alipochoka macho nilirithi cherehani pamoja na wateja, yeye akiwemo. Ndipo nilipojua kwamba kitambaa chekundu cha ndani ya joho kilikuwa masalio ya sare za kwaya ya parokia, na kwamba ile poda ya uchawi ilikuwa talki ya watoto, ndiyo maana adui zake walikufa wakinukia kama waliotoka kuogeshwa. Nilikula kiapo cha kutosema. Ninakivunja sasa kwa sababu kipindi chenyewe kimekwisha na joho ninalo mimi.

Alikuwa na maneno yake kuhusu ubaya, na aliyasema kwa uzito wa katekista.

"Mutu muzuri anaweza kuchelewa, batamungojea," alimwambia mama huku anapimwa mabega. "Mutu mubaya akichelewa, batu banaenda kwabo, chuki yote inapoa."

Na kweli, sijawahi kumwona akichelewa mahali. Alitunza chuki ya watu kama wengine wanavyotunza bustani ya mboga. Juma likipita bila kutukanwa njiani, alikosa raha. Nakumbuka alikuja kwetu Ijumaa moja akiwa amenuna, akakaa, akakataa chai.

"Toka jumatatu hakuna mutu amenitukana," akasema. "Nazeeka?"

Mama akamwambia kwa upole kwamba yeye binafsi anamchukia kama zamani. Akashukuru, akanywa chai.

Mkewe, ambaye alikaanga maandazi langoni, hakuyaona mambo hayo kwa furaha hiyo. Jumatatu iliyofuata Jumapili mbaya, maandazi yake yalilala. Alimwomba jambo moja tu katika ndoa yao: amwambie Jumamosi kama kesho yake atafanya dhambi kubwa, ili akande unga kidogo. Alikuwa akimwambia. Mtaani tuliofahamu siri hiyo tulitazama ukubwa wa beseni la unga na tukajua kama Shujaa atapona.

Msidhani ninamsafisha. Alikuwa na majivuno, aliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima, na aliazima mkasi wangu mzuri kukatia bandeji akautia mfukoni mpaka leo. Lakini mtu yule yule ambaye kwenye televisheni alimkanyaga mwamuzi kama mkeka, kwenye bomba la maji hakuvumilia mtu kuruka foleni. Alipata kusimama kati ya mama wawili wenye bidoni za maji, jua likiwaka, akiwahoji mashahidi nani alitangulia, mpaka wote wawili wakachoka na kumwachia yeye zamu. Akaikataa. Akaenda mwisho wa foleni.

Silaha yake kubwa haikuwa kibuyu, ilikuwa toba. Kila baada ya miezi kadhaa, ubaya wake ukiwa umefika kooni, alipiga magoti katikati ya ulingo na kulia. Alilia kwa mabega, alilia kwa pua, alitaja mama yake marehemu. Alisema amechoka kuwa mtu mbaya na anaomba mkono wa ndugu yake. Shujaa, masikini, alimwinua, akamkumbatia, na hapo hapo poda ilimwingia machoni. Tuliliona jambo hilo mara nane, mara tisa, na kila mara bibi yangu aliinua mikono mbinguni na kusema, safari hii ameokoka kweli. Baada ya poda alizima televisheni kwa fimbo.

Yote hayo nilidhani nayaelewa. Nilijua ni mchezo, nilijua nani atashinda. Kitu ambacho sikukijua ni sheria yao, na niliijulia Mokambo.

Nilikwenda kule mpakani kununua vitambaa, pamoja na mfanyabiashara mwenzangu wa sokoni, mama mmoja mnene mwenye sauti, ambaye alimpenda Shujaa kuliko alivyompenda mumewe na hakuficha. Njaa ikatuingiza katika mgahawa wa mabati. Kwenye meza ya pembeni, vichwa vimeinamishwa juu ya sahani moja ya bukari, yaani ugali, na samaki mkavu wa Pweto, walikuwa wamekaa Muchawi na Shujaa. Muchawi alikuwa anamchambulia mwenzake miiba. Alikuwa anacheka, cheko la mtoto, ambalo sikuwahi kulisikia.

Akaniona. Kisha akamwona mama wa nyuma yangu, ambaye mdomo wake ulikuwa unaanza kufunguka. Sijui kama ilichukua muda wa kumeza tonge. Muchawi alisimama, akambinulia Shujaa kichwani bakuli la sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akanguruma, "Nilikuambia nitakufuata mpaka mpaka ya inchi!" Shujaa, majani yakimtiririka masikioni, akaelewa mara moja, akamshika kiunoni na kumlaza juu ya meza. Walipigana mpaka nje. Mwenye mgahawa aliwafuata na mwiko, akawachapa wote wawili bila upendeleo, na rafiki yangu alipiga vigelegele njia nzima ya kurudi.

Siku mbili baadaye Muchawi alileta joho lishonwe, ingawa halikuwa limechanika. Akavuta kiti, akakaa.

"Tulikulia pamoja Pweto, toka batoto," akasema. "Tulikuya hapa na valizi moja ya nguo ya bote babili. Mwalimu mwenye kutufundisha kechi, alituwekea sheria. Kama muko adui ku salle, muko adui ku barabara. Hamupande bus moja, hamukule sahani moja, hamusalimiane. Mutu akibaona munacheka, hatalia tena juu yenu."

"Miaka yote hii, Papa?"

"Mara moja kwa mwezi tunaenda Mokambo. Yeye na bus ya asubui, mimi na ya nyuma." Akatazama mikono yake. "Mama yake alipokufa sikufika ku matanga. Nilingojea batu bote baende ku makaburi. Njo nikaingia, nikaosha sufuria zote, nikatoka."

Shujaa hakumwuliza kamwe nani aliosha zile sufuria. Alijua, alisema Muchawi, kwa sababu zilikuwa zimepangwa vifuniko chini, kama walivyozipanga walipokuwa wanaishi chumba kimoja. Nilimshonea joho lake bila kuwa na cha kushona. Nilitaka kumwambia sheria hiyo ni ya kijinga, nikashindwa, kwa sababu mimi nilikuwa miongoni mwa watu waliolia.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ni mwaka jana, miezi michache kabla yeye na mkewe hawajahamia Pweto. Ilikuwa Alhamisi, siku ya chanjo kituoni, na nilikuwa na mtoto wangu wa mwisho mgongoni, wa kwanza katika foleni. Daktari alikuwa amekwenda mjini. Muchawi alikuwa peke yake, anatania watoto ambao hawakutaka kutaniwa.

Jumapili iliyopita, kwenye televisheni, alikuwa amemnyoshea Shujaa kibuyu na kumwambia kwamba kabla ya Ijumaa ataanguka. Yalikuwa maneno ya kutangaza pambano, kama mengine yote. Asubuhi hiyo Shujaa alipitishwa Ruashi nzima juu ya gari wazi, na ngoma na kipaza sauti, kuwaita watu. Akaanguka. Alianguka kweli, kutoka juu ya gari, akitetemeka, jasho likimtoka, akisema maneno yasiyo na kichwa. Watu waliokuwa wanamfuata wakambeba mpaka mahali pa karibu, yaani hapo kituoni, wakamlaza barazani. Kisha wakainua macho wakaona aliyesimama mlangoni na blauzi nyeupe ni nani.

Wakarudi nyuma hatua moja. Muchawi hakuliona hilo. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya Shujaa, anamshika paji la uso.

"Alisema mbele ya ijumaa utaanguka," mama mmoja akasema taratibu. "Leo iko siku gani?"

"Iko alhamisi," wakamjibu.

Vijana wanne wakamvuta nyuma na kusimama mlangoni. Mmoja alikuwa ameshika jiwe, na hakulificha.

"Bandugu, munisikilize," Muchawi akasema. Sauti yake haikuwa ya televisheni, ilikuwa ndogo. "Huyu iko rafiki yangu toka batoto. Iko na diabète. Mi mwenyewe namupimaka sukari. Alipiga sindano yake ya asubui, kisha hakukula, sukari imeshuka. Muniachilie dakika mbili nimuwekee sérum ya sukari, ataamuka. Mukichelewa atakufa."

Ilikuwa kweli yote, neno kwa neno. Aliivunja ile sheria ya maisha yake mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyemwamini.

"Ile ile," mtu akasema. "Sasa atapiga magoti."

Na bahati mbaya alikuwa amepiga magoti. Machozi yakaanza kumtoka.

"Anajuaka kulia, huyu," akasema mwenye jiwe. "Alilia vile vile siku ya jeneza."

Nikasema mimi kwamba ni kweli, kwamba niliwaona Mokambo wakila. Yule rafiki yangu mnene, ambaye naye alikuwemo, akaniambia mbele ya watu nisidanganye, kwamba yeye aliona kwa macho yake Muchawi akitaka kumwua Shujaa na bakuli. Hapo niliogopa hasa. Shujaa alikuwa ameacha kusema, midomo imekuwa ya kijivu, na ninaapa niliona kwamba wangekufa wawili kwenye baraza lile, mmoja kwa sukari na mwingine kwa mawe.

Muchawi alimtazama rafiki yake. Kisha akajifuta uso na mkono wa blauzi, akasimama, akanyoosha mgongo. Aliposema tena, alisema kwa ile sauti ya Jumapili saa kumi, na watoto wa foleni wakajificha nyuma ya mama zao.

"Bon," akasema. "Muko na haki. Nimedanganya. Si rafiki yangu, ni mimi nilimuangusha. Lakini munafikiri mimi nilitaka afe hapa? Chini, kama mutu wa bure, bila télé? Mi nataka kumumaliza jumapili, mbele ya camera, mbele ya batoto yake. Akikufa leo, jumapili nitapigana na nani? Na mwamuzi? Muninyime mulango, basi. Munaniibia ushindi yangu, na yeye munamunyima kulipiza."

Watu wakatazamana. Niliona uso mmoja mmoja ukilipima jambo hilo na kulikubali. Hilo lilikuwa na akili. Huyo alikuwa Muchawi waliyemjua.

"Iko na haki," yule mama wa kwanza akasema. "Amuamushe, kisha bapigane muzuri."

"Lakini mutu aingie, amuangalie mikono," akasema mwenye jiwe, akanisukuma mimi, kwa kuwa nilikuwa mbele. Nikamkabidhi mtu mtoto, nikaingia.

Wakambeba Shujaa mpaka kitandani, wakatoka, mlango ukafungwa. Dirishani nyuso zilijaa mpaka mwanga ukapungua. Muchawi akamtoboa mwenzake kidole, akatazama kile kimashine chake, akafunga macho kidogo. Kisha akachukua sindano, na yule ambaye sijamwona akikosea mshipa wa mtoto wa wiki moja, akakosa mshipa wa mkono mnene wa mpiga mieleka.

"Polepole, Papa," nikamwambia. "Niulize habari za shangazi yangu."

Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa. "Shangazi yako eko muzima?" akauliza, na nilipofungua mdomo sindano ikaingia. Akafungulia maji ya sukari kwenye mrija. Tukasubiri. Alikuwa anasema kitu chini kwa chini, nilidhani ni sala, lakini alikuwa anamtukana, matusi madogo madogo ya utotoni, kwamba ni mpumbavu, kwamba tangu zamani hajui kula asubuhi.

Shujaa akafumbua macho. Alitazama dari, akanitazama mimi, akalitazama dirisha lililojaa nyuso, mwisho akamtazama aliyemwinamia. Muchawi alikuwa analia. Hakikuwa kile kilio cha Jumapili chenye mabega. Machozi yalimtoka tu, hakuwa na nguvu ya kuyazuia, na nyuma yake watu walikuwa wameanza kugonga kioo wakitaka ageuke waone amefanya nini.

Shujaa akainua mkono usio na mrija, akamkamata shingo, akamvuta chini na kumbana uso kifuani pake. Kabari. Dirishani vigelegele vikalipuka, watu wakakumbatiana, na yule rafiki yangu mnene nilimsikia juu ya wote. Mimi tu nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia Shujaa.

"Bako banakuona," akamwambia. "Ikala hapa mpaka machozi iishe."

Nje wakaanza kuhesabu, moya, mbili, tatu, na katika kechi tatu inatosha. Walihesabu mpaka ishirini na kitu. Shujaa hakumwachia, na Muchawi hakujitoa.